Barua Hii Imetoka kwa Nani?
Maoni juu ya Istilahi za Utumaji katika Barua Pepe za Ofisi

Utangulizi

Istilahi hupimwa kazini. Neno laweza kupendeza katika orodha, likapita mbele ya kamati bila ya pingamizi, na bado likashindwa siku ya kwanza linapowekwa mbele ya karani mwenye barua ya kupeleka. Makala haya yanakusudia kupima kwa kipimo hicho kundi moja dogo la istilahi, yaani maneno tunayoyatumia kumtaja mtu, au ofisi, ambayo barua pepe imetoka kwake. Kundi hili ni dogo, lakini ndilo linalopaswa kujibu maswali ambayo kila masijala ilikuwa ikiyajibu kabla ya kompyuta kuingia ofisini: barua hii ni ya nani, nani aliyeitia sahihi, na nani atakayeulizwa juu yake?

Maswali hayo yamekuwa mazito zaidi kwa sababu mtumishi mmoja wa leo hana jina moja tu la kuandikia. Afisa aweza kuwa na anwani yake mwenyewe, akawa na ruhusa ya kuandika kwa anwani ya idara, na tena akawa mmoja wa watu watano wanaohudumia anwani ya maulizo. Kila anapotaka kupeleka barua, mtambo humtaka achague itoke kwa jina lipi. Maneno ya Kiswahili yanayomwongoza katika kuchagua huko ndiyo tunayoyashughulikia hapa. Hoja yetu ni kwamba maneno hayo yametafsiriwa moja kwa moja kutoka kwenye kioo cha kompyuta bila ya kupitishwa masijala, na kwa hiyo yamefunika tofauti ambazo lugha yetu ya ofisi ilikuwa imekwisha kuzipambanua.

Mtambo wenyewe unasema nini

Kabla ya kulaumu tafsiri, yafaa kwanza tuelewe kinachotafsiriwa. Tangu mwaka 1971, Ray Tomlinson alipopeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kuitumia alama ya @ katika anwani, anwani ya barua pepe imekuwa na sehemu mbili: jina la mwenye sanduku, na jina la mahali sanduku lilipo. Lakini haikuchukua muda kabla ya kuonekana kwamba jina moja halitoshi kueleza asili ya barua. Waraka Na. 733 wa mwaka 1977, katika mfululizo wa nyaraka zijulikanazo kama RFC, ulikwisha kutenga mistari mitatu kwa ajili hiyo. Waraka Na. 822 ulioandikwa na David Crocker mwaka 1982 uliidumisha mistari hiyo mitatu, na waraka Na. 5322 wa mwaka 2008 ukaidumisha tena.

Mstari wa kwanza humtaja yule ambaye maneno ya barua ni yake. Mstari wa pili humtaja yule aliyeipeleka kwa mkono wake. Mstari wa tatu hutaja mahali majibu yanapotakiwa kwenda. Mfano unaotolewa na waraka wa 2008 ni wa katibu muhtasi anayepeleka barua ya mtu mwingine: jina la mtu huyo hukaa mstari wa kwanza, na jina la katibu muhtasi hukaa mstari wa pili. Ikiwa mwenye maneno ndiye huyo huyo aliyepeleka, mstari wa pili huachwa. Ikiwa wenye maneno ni zaidi ya mmoja, mstari wa pili ni wa lazima, ili ajulikane mmoja aliyeshika barua mkononi.

Kuna na jina la nne, ambalo msomaji wa kawaida halioni. Utaratibu wa kusafirisha barua, uliowekwa na Jon Postel mwaka huo huo wa 1982, una bahasha yake, na juu ya bahasha huandikwa anwani ya kurudishia barua iliyoshindwa kufika. Anwani hiyo yaweza kutofautiana na majina yote matatu yaliyomo ndani.

Tutazame sasa mambo haya yalivyo mbali na upya. Barua ya serikali nchini Tanzania huwa na kumbukumbu namba yake, tarehe, jina la mwandikiwa, na neno YAH. juu ya kichwa cha habari. Chini yake huwapo sahihi ya mtu, na jina lake, kisha, pale ambapo mtia sahihi siye mkuu wa ofisi, huandikwa Kny: KATIBU MKUU, au Kny: MKURUGENZI. Barua ni ya Katibu Mkuu. Mkono ni wa afisa. Majibu huelekezwa kwa cheo, pamoja na kutaja kumbukumbu namba, ili yaingizwe katika jalada linalohusika. Basi mistari mitatu ya wahandisi wa Marekani ilikuwa imekwisha kukaa katika karatasi zetu, na kila karani aliyefunzwa kazi alijua kuitofautisha.

Tatizo la "mtumaji"

Katika Kiswahili cha kompyuta, mstari wa kwanza aghalabu hufasiriwa kwa neno moja, "Kutoka", na wa pili kwa neno "Mtumaji". Katika maelezo na miongozo, hata huyo wa mstari wa kwanza naye huitwa mtumaji. Hivyo watu wawili waliotengwa kwa makusudi hukutanishwa tena katika neno moja.

"Kutoka" lina kasoro ya sarufi. Kiswahili husema barua imetoka Tabora, lakini imetoka kwa Mkurugenzi. Mtu si mahali, naye hutanguliwa na "kwa". Neno "Kutoka" likifuatiwa na jina la mtu, kama lionekanavyo juu ya barua nyingi, ni sentensi iliyokatwa mguu. Tena kitenzi kimebaki katika hali yake ya jina, hakina wakati wala mtendwa. Hakisemi ni kitu gani kilichotoka. "Imetoka kwa" ni maneno mawili tu, nayo husema kila kinachohitajika.

"Mtumaji" lina kasoro kubwa zaidi, nayo ni ya maana. Kitenzi "tuma" katika Kiswahili huanzia kwa watu. Mama humtuma mtoto dukani, na mkuu humtuma tarishi. Anayetuma ni mwenye shida, na anayekwenda ni aliyetumwa. Barua nayo yaweza kutumwa, lakini kitenzi hakikuacha maana yake ya kwanza. Tumrejee sasa katibu muhtasi wa mfano wetu. Mkurugenzi amemtuma apeleke barua. Kwa maana ya kwanza, mtumaji ni Mkurugenzi, kwani ndiye aliyemtuma mtu. Kwa maana ya pili, mtumaji ni katibu muhtasi, kwani ndiye aliyeituma barua. Neno lile lile lawaelekea wote wawili, na kila mmoja aweza kulikana kwa haki. Istilahi inayowaruhusu watu wawili kusema "si mimi, ni yeye" haifai kuandikwa juu ya barua ya ofisi.

Zaidi ya hayo, "mtumaji" limekaa karibu mno na jamaa zake. Atumiaye kompyuta huitwa mtumiaji, na yule aliyepelekewa barua huitwa na baadhi ya wafasiri mtumiwa. Herufi moja tu ndiyo inayomtenga mtumaji na mtumiaji, na herufi moja tu tena ndiyo inayomtenga mtumiwa na mtumwa. Katika kitabu cha maelezo chenye maneno hayo yote kwenye ukurasa mmoja, kosa dogo la mpiga chapa lageuza maana ya sheria nzima. Kwa bahati njema "mpokeaji" lipo na limezoeleka, wala hakuna sababu ya kulitumia "mtumiwa".

Tunapendekeza kwamba mtu wa mstari wa pili aitwe mpelekaji. Kupeleka ni kazi ya mkono na mguu. Anayepeleka barua hadaiwi kuwa maneno ni yake. Kwa mtu wa mstari wa kwanza huenda wengi wakapendelea "mwandishi". Neno hilo halifai hapa, kwa kuwa katika desturi yetu mwandishi alikuwa mara nyingi ndiye mshika kalamu anayeandika maneno ya mwingine. Kwa "mwenye barua" pia kuna utata, maana aliyeandikiwa naye husema barua hii ni yangu. Lugha ya mikutano imetupa mfano bora zaidi. Yule anayesimama na kuwajibika kwa hoja huitwa mtoa hoja, hata kama hoja iliandikwa na karani wake. Kwa kufuata mfano huo, twaweza kusema mtoa barua. Neno ni jepesi, halina mshindani, na linaafikiana na "Imetoka kwa".

"Tuma kama" na uzito wa "kwa niaba ya"

Mitambo ya barua ya ofisi haimpi mtumishi ruhusa ya namna moja. Katika mtambo wa Microsoft Exchange, mathalani, sanduku moja laweza kuwekewa ruhusa tatu zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni kulifungua na kuzisoma barua zilizomo. Ya pili ni kupeleka barua ambayo mpokeaji ataiona kuwa imetoka kwa sanduku hilo tu, bila ya dalili yoyote ya mtu aliyeipeleka. Ya tatu ni kupeleka barua inayoonyesha majina yote mawili, la mpelekaji na la yule anayemwakilisha. Mtu aliyepewa ya kwanza peke yake hawezi kupeleka kitu. Aliyepewa ya pili na ya tatu kwa pamoja, ya pili ndiyo itakayotumika.

Tofauti baina ya ruhusa ya pili na ya tatu ndiyo kiini cha jambo. Ya tatu ndiyo ile Kny: ya barua zetu, nayo hufasiriwa vizuri kwa "kwa niaba ya". Neno "niaba" ni ndugu wa "naibu", yote mawili yakiwa yametoka katika shina moja la Kiarabu, nayo yana dhana ya mtu anayesimama mahali pa mwingine huku akijulikana kuwa ni yeye. Hapa hatuna lawama.

Lawama ipo katika ruhusa ya pili. Mfasiri anayefuata neno kwa neno huandika "tuma kama". Katika Kiswahili "kama" hulinganisha au huweka sharti. Afanyaye kazi kama mkurugenzi aweza kuwa mkurugenzi, au aweza kuwa mtu anayejifanya mkurugenzi, sentensi haisemi. "Tuma kama Mkurugenzi" humwelekea mtumishi mwaminifu kana kwamba anaalikwa kuigiza. Na wako wanaolikwepa tatizo hilo kwa kuandika "kwa niaba ya" katika mahali pote pawili. Hao wametenda kosa zaidi, kwa sababu msimamizi wa mtambo anayesoma orodha ya ruhusa hawezi tena kujua ni ipi inayolificha jina la mpelekaji na ni ipi inayolionyesha.

Tunapendekeza "kwa jina la". Barua iliyopelekwa kwa jina la Mkurugenzi hubeba jina la Mkurugenzi peke yake, na iliyopelekwa kwa niaba ya Mkurugenzi hubeba majina mawili. Kiswahili kina mazoea na maneno yote mawili, wala hakuna msemaji atakayeyachanganya akikwisha kuelezwa mara moja.

Hasara ya kutotofautisha

Huenda msomaji akaona kwamba tunakata unywele. Basi tuchukue mfano. Tuseme ofisi moja ya elimu ina anwani moja ya cheo, na makarani watatu wenye ruhusa ya kupeleka barua kwa jina la Afisa Elimu. Barua inatoka kumhamisha mwalimu kituo. Mwalimu anafunga mizigo, anahamisha watoto, anafika kituo kipya na kuambiwa kwamba hakuna nafasi. Afisa Elimu anasema hakuitoa barua ile. Mwalimu anaonyesha barua yake: juu yake pana neno "Mtumaji", na mbele ya neno hilo pana cheo cha Afisa. Je, mwalimu amehamishwa au hakuhamishwa? Mwongozo wa ofisi ukisema kwamba mtumaji ndiye mwenye dhamana, Afisa amefungwa na barua ambayo hakuiona. Ukisema kwamba mtumaji ni aliyebonyeza, mwalimu amekwenda kwa agizo la karani asiye na madaraka. Katika hali zote mbili mwongozo umeamua kwa bahati, kwa kuwa neno lake lina maana mbili.

Kumbukumbu za mtambo huenda zikaonyesha ni akaunti gani iliyotumika, ikiwa kila karani ana nywila yake. Ikiwa wote watatu hutumia nywila moja, hata kumbukumbu hizo hazitasema kitu. Hapa pia istilahi hukosesha. "Sanduku la pamoja" hufahamika kwa wengi kuwa sanduku ambalo watu wanashirikiana ufunguo wake, kama sanduku la posta la shule au la kanisa ambalo watu kadhaa huchukulia barua zao. Sanduku la ofisi katika mtambo wa barua ni jambo jingine. Kila mtu huliingia kwa ufunguo wake mwenyewe, na barua zilizomo si za watu, ni za ofisi. Kwa hiyo twaona kwamba "sanduku la ofisi" ni jina sahihi zaidi, na kwamba "la pamoja" liachiwe yale masanduku ambayo kweli ni ya ushirika.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Mwaka 2015 Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao, na hii ya pili ilifanya kuwa ni kosa mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Maana yake ni kwamba swali la nani aliyepeleka barua laweza kuulizwa, kujibiwa na kuamuliwa kwa Kiswahili. Ikiwa kitufe halali cha ofisini kinasomeka "tuma kama", na mshtakiwa naye anadaiwa kutuma kama mtu mwingine, basi tumeliita tendo la halali na tendo la jinai kwa jina moja, na tumemwachia wakili kazi ambayo ilikuwa ya mwanaistilahi.

Kitambulisho, lakabu na jina bandia

Programu kadhaa, ikiwamo Thunderbird, humruhusu mtu kuweka majina na anwani kadhaa za kuandikia ndani ya akaunti moja, kila moja na maneno yake ya kuhitimishia barua. Kila seti ya namna hiyo huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri "utambulisho" au "kitambulisho". Yote mawili hayakai vizuri hapa. Kitambulisho ni kadi, na mwananchi anayeambiwa achague kimoja kati ya vitambulisho vyake vinne atadhani kuna kosa, maana ajuavyo yeye mtu mmoja ana Kitambulisho cha Taifa kimoja. Utambulisho ni sifa ya mtu inayomtenga na wengine; mtu mmoja kuwa nazo nne ni fumbo la falsafa, si kazi ya asubuhi ya karani.

Kinachochaguliwa ni jina tu la kutolea barua. Basi liitwe hivyo: jina la kutolea barua, au kwa kifupi jina la kutolea. Kauli ya kutendea ya kitenzi "toa" inafanya hapa kazi ambayo lugha nyingine huhitaji maneno mengi kuifanya. Karani huulizwa, "Jina la kutolea?" naye hujibu kwa kuchagua cheo au jina lake.

Anwani ya pili inayoishia katika sanduku lile lile nayo imepewa majina mabaya. "Jina bandia" linamtuhumu mtu kabla hajafanya kitu. "Lakabu" ni neno zuri na la kale, lakini hubeba harufu ya sifa na utani. Mtu hupewa lakabu na wenzake, hapewi na msimamizi wa mtambo. Anwani ya maulizo ya wizara si lakabu ya mtu yeyote. Mwaka 1997 waraka Na. 2142 wa mfululizo ule ule ulipendekeza kwamba taasisi ziwe na anwani zinazotokana na kazi, kama vile ya maelezo, ya huduma na ya msimamizi wa barua, ili mwandikaji asilazimike kumjua mtu. Anwani za namna hiyo tungeziita anwani za kazi, na anwani nyingine yoyote inayoelekea sanduku lililopo tungeiita anwani ya ziada.

Hatimaye kuna "sahihi". Maneno yanayojiandika yenyewe chini ya barua, yaani jina, cheo na namba ya simu, huitwa sahihi au saini. Lakini sahihi ni tendo la mkono linalomfunga mtu, na sheria ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki kuwa yenye nguvu yake. Kuyaita kwa jina hilo maneno ambayo karani yeyote aweza kuyanakili ni kushusha thamani ya neno. "Hitimisho la barua" latosha.

Uthibitishaji wa nini?

Kuna istilahi moja zaidi inayostahili kuangaliwa, kwa sababu inawapa watu matumaini yasiyo na msingi. Taratibu ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, ambazo zilitangazwa kwa zamu kati ya mwaka 2006 na 2015, humwezesha mpokeaji kujua kama barua imepitia mtambo ulioruhusiwa na kikoa kinachotajwa. Tangu Februari 2024 makampuni ya Google na Yahoo yamewataka wanaopeleka barua kwa wingi kuzifuata zote tatu. Ni kwa ajili ya taratibu hizi kwamba mtumishi anayepeleka barua ya ofisi kupitia mtambo wa nje, huku akiweka anwani ya ofisi juu yake, aweza kuona barua yake ikikataliwa.

Taratibu hizi zimeitwa "uthibitishaji wa mtumaji". Jina hilo linadai mengi kuliko kinachotendeka. Hakuna mtu anayethibitishwa. Kinachothibitishwa ni kikoa, mfano wa mhuri wa posta unaoonyesha barua ilitiwa posta gani. Barua ya kumhamisha yule mwalimu wetu ingepita vipimo vyote vitatu bila ya shida, kwani ilitoka katika mtambo halali wa ofisi halali. Basi tuseme uthibitishaji wa kikoa, ili afisa asije akadhani kwamba barua iliyopita vipimo ni barua aliyoiidhinisha mkuu.

Pingamizi mbili

Tunatambua kwamba pendekezo letu litapingwa kwa hoja mbili, nazo zina nguvu.

Ya kwanza ni kwamba "mtumaji" limekwisha kuenea. Hili ni kweli, na hatushauri lifutwe. Katika mazungumzo ya kawaida, ambapo mtoa barua na mpelekaji ni mtu mmoja, liendelee kutumika. Ombi letu ni kwamba lisitumike mahali ambapo wawili hao wametengana, yaani katika mipangilio ya ruhusa, katika miongozo ya ofisi, na katika maandishi ya sheria. Hata neno "mtu" hatulifuti kwa sababu sheria inahitaji "mshtakiwa" na "mlalamikaji".

Ya pili ni kwamba kioo cha simu ni chembamba, na maneno marefu hukatwa. Hili nalo ni kweli. "Imetoka kwa" lina herufi kumi, na "Kutoka" sita. Lakini upungufu wa nafasi haukuwazuia makarani wetu wa zamani. Waliandika Kny: kwa herufi tatu, na nchi nzima ikaelewa. Vifupisho vya ofisi ni hazina ambayo wafasiri wa programu hawajaigusa. Barua ya kwa niaba yaweza kuandikwa "Imetoka kwa: Mkurugenzi; Kny: Afisa Utumishi", au kwa mpango mwingine wowote utakaokubaliwa, mradi mpango uwe mmoja. Kwa upande wa kaimu, ambaye hasaini kwa niaba ya mtu bali ameshika ofisi yenyewe kwa muda, mtambo hauna mstari wake. Dawa ni kuandika cheo chake kamili, Kaimu Mkurugenzi, katika jina linaloonekana, na kuliondoa siku anapokabidhi ofisi.

Muhtasari wa mapendekezo

Kwa kifupi, tunaliomba Baraza lizifikirie istilahi zifuatazo: mtoa barua, kwa yule ambaye barua ni yake, mpelekaji, kwa yule aliyeipeleka, imetoka kwa, badala ya "kutoka" peke yake, majibu yaende kwa, kwa mstari wa tatu, kupeleka kwa jina la na kupeleka kwa niaba ya, kwa ruhusa mbili zilizo mbalimbali, jina la kutolea barua, badala ya kitambulisho, sanduku la ofisi, anwani ya kazi na anwani ya ziada, hitimisho la barua, badala ya sahihi, na uthibitishaji wa kikoa.

Karibu maneno yote hayo yamo katika lugha tayari. Kazi iliyobaki ni kuyapangia mahali. Na kwa kuwa istilahi hupimwa kazini, tungependa yapelekwe kwanza kwa makarani wa masijala, makatibu muhtasi na wasimamizi wa mitambo, wayatumie kwa muda katika barua zao za kila siku, kabla ya kuingizwa katika orodha sanifu. Jambo moja wasimamizi wa mitambo waweza kulianza hata kabla ya istilahi kukubaliwa. Katika mitambo mingi nakala ya barua iliyopelekwa kwa jina la ofisi hubaki katika sanduku la aliyeipeleka, mpaka msimamizi aagize ihifadhiwe pia katika sanduku la ofisi. Agizo hilo litolewe. Jalada lisilokuwa na nakala haliwezi kuokolewa na istilahi yoyote.

Wasomaji wenye uzoefu wa ofisi za Kenya, Uganda na Visiwani, ambako desturi za barua zaweza kutofautiana na hizi tulizozieleza, wanaombwa walete maoni yao.